Nyumba isiyokula umeme mwingi: dhana potofu na ukweli kuhusu ramani na bajeti

Dhana: Nyumba inayobana matumizi ya nishati huanza na paneli za sola.

Sola huja mwisho. Nyumba inayopitisha joto ovyo hudai paneli nyingi, betri kubwa na inveta yenye nguvu ili tu kufidia kasoro za paa na kuta. Nyumba za kwanza za Passivhaus, kiwango cha Kijerumani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, zilizokamilika mwaka 1991 mjini Darmstadt, Ujerumani, zilipunguza mahitaji ya kupashwa joto kwa vihami joto vinene (tabaka za kuzuia joto kupita), madirisha ya vioo vitatu, nyufa zilizozibwa na mfumo wa hewa unaookoa joto. Paneli hazikuwa tegemeo lake.

Fedha zipangwe kwa mfuatano huo: umbo na uelekeo wa nyumba, kisha paa, kuta na madirisha, halafu hewa na vifaa vya umeme. Paneli unaweza kuzifunga hata miaka 5 baadaye, lakini kihami kilichosahaulika ndani ya ukuta hakiingii bila kubomoa lipu. Kama fedha za sola hazipo sasa, pitisha bomba tupu la nyaya kutoka paani hadi kwenye kisanduku cha umeme, na uache upande mmoja wa paa bila tangi wala dohani.

Dhana: Gharama hufuata ukubwa, umbo ni urembo tu.

Chukua nyumba mbili za mita za mraba 100. Ya kwanza ni mita 10 kwa 10, mzunguko wake mita 40. Ya pili ni mita 5 kwa 20, mzunguko mita 50. Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, ya pili ina mita za mraba 30 zaidi za ukuta wa nje kabla ya kutoa milango na madirisha. Kwa tofali za sentimita 45 kwa 22.5, hizo ni tofali 300 hivi, pamoja na mita 10 za msingi na lipu ya ndani na nje. Ukishalipa hayo yote, ukuta huohuo wa ziada utapitisha joto kila siku. Kona za ramani zihesabiwe kwa jicho hilo.

Penye joto na unyevunyevu mwingi, nyumba nyembamba inaweza kustahili gharama hiyo kwa sababu upepo hupita upande hadi upande. Basi irefushwe kwa makusudi, na kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, hivyo ukingo wa paa hauwezi kulizuia kwenye dirisha la mashariki au magharibi. Kugeuza nyumba kwenye karatasi hakugharimu kitu.

Dhana: Ukuta mnene wa zege unatosha kuzuia joto.

Zege huhifadhi joto na kulichelewesha, ila halilizuii vizuri. Sentimita 10 za sufi ya kioo (kihami cha nyuzi laini za kioo) huzuia joto kuliko mita 3 za zege tupu. Unene wa ukuta husaidia zaidi pale ambapo mchana ni wa joto na usiku ni wa baridi.

Kazi huharibikia kwenye uwekaji. Sufi ikigandamizwa hupoteza hewa iliyomo, na hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ikilowa, haifai mpaka ikauke. Zege la baraza likiunganishwa moja kwa moja na la sakafu ya ndani huwa njia ya joto kutoroka. Penye baridi, pembe hiyo huota ukungu. Kagua kila kipande na upige picha kabla ya dari kufungwa.

Dhana: Nyumba lazima ipumue kupitia nyufa.

Nyufa huingiza hewa upepo unapotaka, wala si pale familia inapoihitaji. Watu 4 wanaopika, kuoga na kupumua wanaweza kutoa takriban lita 10 za maji kwa siku kama mvuke. Mvuke huo uwekewe njia: feni ya kutoa hewa jikoni na bafuni, au madirisha yanayotazamana. Kiwango cha Passivhaus huruhusu uvujaji usiozidi 0.6 ya ujazo wa hewa ya nyumba kwa saa, ukipimwa kwa feni kwenye shinikizo la paskali 50. Kipimo hicho kifanyike kabla ya dari na mapambo, wakati kuziba ufa bado ni kazi ya dakika chache.

Dhana: Zidisha bei ya mita ya mraba kwa ukubwa, umepata bajeti.

Hesabu hiyo huacha upimaji wa kiwanja na udongo, ramani, kibali, kuunganishiwa maji na umeme, usafirishaji, stoo, ulinzi na kuondoa kifusi. Mkadiriaji majenzi aorodheshe vifaa hatua kwa hatua. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto), kwa mfano, hula mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Usinunue saruji yote mapema. Ikikaa miezi 3 hupungua nguvu, hasa stoo ikiwa na unyevu. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Tenga asilimia 10 hadi 15 kwa dharura, na fedha hiyo isigeuzwe vigae vya bei kubwa.

Dhana: Kujijengea huondoa gharama ya mafundi.

Rangi, kuziba nyufa, kuweka sufi na usafi wa saiti unaweza kuvifanya mwenyewe. Nondo, kenchi na umeme vibaki kwa wenye ujuzi. Kazi ya wikendi hurefusha ujenzi, kwa hiyo kodi ya pango ya miezi ya ziada iandikwe kwenye bajeti kama kifaa kingine chochote.