Upasuaji wa mdomo si kung'oa jino peke yake

Hapa kliniki ya meno Kisumu malalamiko yameongezeka, mtu anauliza mbona aandikiwe upasuaji na shida ni jino tu. Kesi nyingi tunamalizia hapo kwa kiti, na ganzi, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Gego la mwisho, lile hutoka kati ya miaka 17 na 25, likikosa nafasi linalala na kusukuma mwenzake, ufizi unafura. Tunapasua ufizi, saa zingine tunakata jino vipande ndio litoke bila kuumiza taya, kisha tunashona. Usaha wa jino nao lazima utolewe, hauishi kwa antibayotiki za kujinunulia, na uvimbe ukishuka chini ya kidevu ukashindwa kumeza usingoje kesho, unaweza kuziba pumzi. Taya zilizovunjika kwa ajali za boda tunafunga kwa waya ama vyuma. Kidonda kikipita wiki 2 bila kupona tunakata kipande kiende maabara, na jamani, kukata hivyo hakusambazi kansa!

Kabla ya hayo sema dawa zote unazotumia, ya presha, ya sukari na zaidi ile ya kuzuia damu kuganda, lakini usiiache mwenyewe bila kuambiwa, halafu utasaini fomu ya idhini, wa chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi ama mlezi, na kama unatumia SHA, ile bima ya afya ya serikali, kuja na kitambulisho mapema, idhini yao isipotoka utangoja. Ukimaliza uma pamba dakika 30, usisukutue siku ya kwanza, usivute sigara.

Sasa hii ya "meno ya plastiki" ndio inatuumiza. Mtoto mchanga akiharisha mtu anamchokora ufizi kwa spoku ya baiskeli eti anatoa meno mabaya. Si meno mabaya! Ni chonge zake changa hazijatoka bado. Mtoto anavuja damu, anaweza kupata tetanasi, na hata meno ya ukubwani yatoke vibaya. Kuhara kunatibiwa kwa ORS na zinki. Anayefanya kazi ya daktari wa meno bila leseni ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, anavunja Sura ya 253, sheria inayowasimamia, ni faini ama jela, na mtoto analindwa pia na Sheria ya Watoto ya 2022. Ukijua anayefanya hivyo kwenu, ambia CHP, yule mhudumu wa afya wa kijiji, ama chifu.