Maktaba huria za programu katika uchambuzi wa vinasaba: maana yake

Dagaa wanaoanikwa Kibirizi na kwenye mialo mingine ya Kigoma si samaki wa aina moja. Katika fungu moja wanaweza kuwamo Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ndugu wawili wa jamii ya sardini, na sokoni wote wanaitwa dagaa. Wakiwa wabichi, mtaalamu wa samaki huwatenganisha kwa macho. Wakishakauka na kukatika vichwa, au wakishasagwa kuwa unga wa lishe, macho hayafui dafu, na hapo vinasaba ndivyo huulizwa. Kipande cha nyama hupelekwa maabara, sehemu ya jeni iitwayo COI husomwa, na kinachorudi ni faili la maandishi: herufi A, C, G na T zilizopangwa mstari kwa mstari, takribani 650 kwa kila samaki.

Mpangilio huo wa herufi ndio mfuatano wa vinasaba. Mifuatano miwili mifupi unaweza kuilinganisha kwa kalamu na karatasi. Ikifika mia, huwezi, na ndipo maktaba huria inapohitajika.

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa na watu wengine, ambao programu yako inauita ufanye kazi fulani. Ni huria pale ambapo leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma msimbo huo, kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Isichanganywe na programu yenye vitufe vya kubofya. Maktaba haina dirisha wala menyu; wewe ndiye unayeandika mistari michache ya kuiagiza.

Kwa wanaotumia lugha ya Python, maktaba inayojulikana zaidi katika uwanja huu ni Biopython, iliyoanzishwa mwaka 1999. Wanaotumia R wana Bioconductor, na kabla ya hizo watu wengi walitumia BioPerl. Biopython inasakinishwa kwa amri moja, `pip install biopython`, kisha faili la dagaa wetu linasomwa hivi:

```
from Bio import SeqIO

for rekodi in SeqIO.parse("dagaa.fasta", "fasta"):
    print(rekodi.id, len(rekodi.seq))
```

Mistari hiyo inafungua faili la muundo wa FASTA, inapita samaki mmoja mmoja, na kuchapisha jina la kila sampuli pamoja na idadi ya herufi zake. Muundo wa FASTA wenyewe ni mwepesi: mstari wa jina huanza na alama ya `>`, na mistari inayofuata ni herufi. Amri nyingine fupi hugeuza mfuatano uwe wa uzi wa pili wa kinasaba, ambao A yake hukabili T, C hukabili G, na husomwa kinyumenyume, kwa mfano ATGGCC ikawa GGCCAT. Nyingine huhesabu G na C, nyingine husoma miti ya ukoo wa viumbe.

Wengi wakisikia huria wanafikiria bei. Bei ina uzito wake, maana mwanafunzi wa Ujiji mwenye kompyuta iliyotumika anapata zana ileile iliyo mezani kwa mtafiti wa London. Ila mimi naona uwazi wa msimbo una uzito zaidi. Programu ya kulipia iliyofungwa inakupa jibu tu. Hapa unaweza kufungua faili la msimbo na kuona jibu limepatikanaje, na ukikuta kasoro ukaitangaza kwa waandishi wake.

Mifuatano ya kulinganisha nayo hutoka kwenye hazina za umma, hasa GenBank ya Marekani, iliyoanza mwaka 1982. Biopython ina sehemu iitwayo Entrez ya kuchota mifuatano hiyo moja kwa moja. Unatakiwa kutaja barua pepe yako, na usipokuwa na ufunguo maalumu unaruhusiwa maombi yasiyozidi 3 kwa sekunde. Penye mtandao wa kusuasua, ni busara kuchota mara moja, ukahifadhi kwenye diski, kisha ukaendelea bila bando.

Sasa tufike kwenye mtego, nao unaonyesha vizuri maktaba ni kitu gani na si kitu gani. Herufi za jeni husomwa tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja ya protini au alama ya kikomo. Katika kanuni ya kawaida, TGA ni kikomo. Lakini COI haikai kwenye kiini cha seli, iko kwenye mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, na katika mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo TGA haimaanishi kikomo bali asidi amino ya triptofani. Ukiiambia Biopython `translate()` bila maelezo zaidi, itatumia kanuni ya kawaida, yaani jedwali namba 1, na protini ya dagaa wako itatoka na nyota katikati, kila nyota ikiwa kikomo kisichokuwapo. Ukiandika `translate(table=2)`, nyota hizo zinaondoka. Kama bado zipo, huenda umeanza kusoma kwenye herufi isiyo sahihi: jaribu kuanzia ya pili, au ya tatu. Maktaba haijui kuwa mbele yake kuna samaki wa Tanganyika. Inatii amri, basi, na elimu ya viumbe inabaki kuwa mzigo wako.

Ubora wa usomaji nao uangaliwe. Mafaili ya FASTQ hubeba alama ya ubora kwa kila herufi: alama 20 ina maana kuna nafasi 1 kati ya 100 kwamba herufi imesomwa vibaya, na alama 30 ni 1 kati ya 1,000. Kazi ya kuchuja zilizo hafifu ni ya mistari michache.

Uchambuzi wa namna hii hauishii kwenye samaki. Kaskazini ya mji wa Kigoma, katika Hifadhi ya Gombe, watafiti walipata mifuatano ya virusi vya SIV, jamaa wa VVU wanaoambukiza sokwe na nyani, kutoka kwenye vinyesi vya sokwe, bila kuwagusa wanyama wenyewe. Ulinganishaji wa mifuatano ya aina hiyo ndio ulioonyesha kwamba asili ya aina ya VVU iliyoenea duniani ni virusi vya sokwe wa kusini mwa Kamerun, wa nususpishi nyingine kabisa. Wanaowatuhumu sokwe wa Gombe wanakosea mlango.

Tahadhari kwa anayejifunza kupitia vitini vya zamani vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu iitwayo `Bio.Alphabet` iliondolewa katika toleo 1.78 la mwaka 2020, kwa hiyo mfano wowote unaoanza kwa kuiita utagoma. Futa mstari huo na maelezo ya alfabeti yaliyofuatana nao, na mara nyingi msimbo uliobaki utafanya kazi. Toleo ulilonalo utaliona kwa kuandika `import Bio`, kisha `print(Bio.__version__)`, namba hiyo iandikwe pia kwenye ripoti, kando ya namba ya jedwali ulilotumia.