Tisheti Hazimfunzi Mtoto Bustanini

Nimeulizwa tena: "Mkataba wa maelewano tushatia sahihi, masomo ya watoto pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, yaanze lini?" Jamani! Karatasi ile yaahidi kushirikiana tu. Haimlipi mwelekezi wa kuwaongoza watoto.

Wadhamini hupenda siku ya uzinduzi: hema, spika, tisheti, bango. Wiki ya sita, maji ya kunywa ananunua nani? Kwa hivyo kabla ya kumwendea yeyote, piga hesabu ya kipindi kimoja. Watoto 45, makundi matatu ya 15, kila kundi na mwelekezi wake, basi, maji, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu wa kuokota taka. Zidisha kwa vipindi vya muhula. Ndipo ugawe: shule ilete walimu na ruhusa za wazazi, kampuni ilipie basi na waelekezi, kaunti itoe uwanja, vyoo na askari.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "Pesa tuziweke kaunti, zitakuwa salama." Salama zitakuwa, ila hamtazigusa. Kifungu cha 207 cha Katiba ya Kenya chataka fedha zote zinazopokewa na serikali ya kaunti ziingie Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zilizoondolewa kisheria. Zikishaingia, hazitoki bila idhini ya kisheria, yaani bajeti. Hata kiingilio mkitoza kwa jina la kaunti, njia ni hiyo hiyo. Na mwaka wa fedha huanza Julai 1: mpango wa maendeleo hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 inayotangulia, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukibisha hodi Mei, ngoja mwakani. Basi mchango wa kampuni upitie akaunti ya kikundi kilichosajiliwa, yenye watia sahihi watatu, na mkataba utaje kiasi, tarehe, na vifaa vibaki kwa nani mkiachana.

Ratiba si kazi. Epuka masika, anza saa mbili asubuhi. Mibuyu ikipukutika haina kivuli cha kutegemea. Mkitaka miamba ya ufuo wa Pirates, chagueni siku za bamvua, bahari ijaapo na kupwa sana; maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, zitawapotezea nauli.

Kupima mafanikio ndiko kunakonitatiza. Twahesabu vichwa kwa kuwa mdhamini ataka vichwa. Mimi ningependa darasa moja lirudi mara sita kuliko shule sita zije mara moja, lakini sijapata namna ya kuliandika hilo kwenye ripoti lisionekane uzembe.