Ugonjwa wa Hirayama ni nini, na kisu kinatibu nini hasa?

Chukua mfano wa kijana wa miaka 18 anayevua ndagala usiku pale Kibirizi, Kigoma. Alfajiri upepo wa ziwa ukianza kuuma, vidole vya mkono wa kulia vinagoma kunyooka. Fundo la kamba alilokuwa akilifungua bila hata kuliangalia, sasa analifungua kwa meno. Jua likipanda anapata nafuu kidogo. Mama anasema baridi imemwingia. Jirani ana neno lake jingine, na wote tunalijua. Mwaka unapita, nyama iliyo kati ya kidole gumba na shahada imebonyea, na mkono umekonda kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Maumivu hana, ganzi hana. Hapo ndipo watu wanapochelewa, maana kisichouma hakipelekwi hospitali.

Hali ya namna hii yaweza kuwa ugonjwa wa Hirayama, unaoitwa kwa jina la daktari wa Japani, Keizo Hirayama, aliyeueleza na wenzake mwaka 1959. Ni wa nadra, huwapata zaidi wavulana walio kwenye balehe hadi miaka ya 20 na kitu, na taarifa zake nyingi zimetoka Asia. (Wanaosema unaletwa na kuinamia simu wakumbuke huo mwaka.)

Mkono ndio unaokonda, ila kosa liko shingoni. Ndani ya pingili, yaani mifupa ya shingo na mgongo, mna ugwe mgongo, ule uzi mnene wa neva unaotoka kwenye ubongo, nao umevikwa utando mgumu kama soksi. Ukiinama, njia ya ugwe hurefuka kwa nyuma. Kwa kawaida utando una ulegevu wa kutosha. Kwa vijana hawa umekazwa mno. Yadhaniwa mifupa imerefuka upesi kuliko utando. Basi shingo ikiinama, utando unavutwa mbele na kuubana ugwe kwenye mifupa, kama kamba ya nanga inavyojikaza kwenye ukingo wa mtumbwi. Akiinua kichwa, unaachia. Akiinama, unabana tena. Mara elfu na elfu, mpaka seli zinazoamrisha misuli ya kiganja zinakosa damu na kufa.

Ndiyo maana kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) cha mgonjwa aliyelala shingo imenyooka chaweza kuonekana hakina neno. Picha ipigwe shingo ikiwa imeinamishwa.

Tiba ya kwanza si kisu. Ni kola ya shingo, inayovaliwa kwa miaka kadhaa ili kuzuia kuinama. Mara nyingi ugonjwa wenyewe husimama baada ya miaka michache, kwa hiyo madaktari hawakubaliani wote kuhusu nani apasuliwe. Wengi humfikiria yule ambaye mkono unazidi kudhoofu licha ya kola, au aliyeshindwa kuivaa. Na kusema kweli, kijana wa kuvuta nyavu kuvaa kola miaka mitatu ni jambo la kuongea tu.

Upasuaji unaofanywa sana hupitia mbele ya shingo. Koo na njia ya hewa husogezwa kando, diski, yaani visahani laini vilivyo kati ya pingili za chini za shingo, hutolewa, kisha pingili huunganishwa kwa kipande cha mfupa au kizimba kidogo cha kujaza nafasi hiyo, bamba na skrubu. Wengine hupitia nyuma, wakaufungua utando na kuutia kiraka ili upanuke. Kwa mtu wa Kigoma, kazi ya aina hii ni safari ya rufaa kwenye hospitali kubwa yenye wapasuaji wa uti wa mgongo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Familia ielezwe mapema: kisu kinasimamisha uharibifu. Baadhi hupata nguvu kidogo, lakini seli zilizokufa hazifufuki na nyama iliyokwisha hairudi yote. Kwa kiganja kilichodhoofika sana, daktari aweza baadaye kuhamisha kano ya msuli wenye afya ifanye kazi ya ule uliokufa. Na pingili zilizounganishwa haziachani tena: shingo haitainama kama zamani.