Kushusha tuni kwenye gitaa lenye daraja linaloelea: yasemwayo na yalivyo

Daraja ni kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na la aina ya Floyd Rose halikai juu ya kitu kigumu: linaelea. Mbele linavutwa na nyuzi sita, nyuma linavutwa na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa, nalo linatulia pale tu pande hizo mbili zinapolingana. Ni mchezo wa kuvuta kamba usio na mshindi. Mengi yanayosemwa kuhusu madaraja haya yanasahau upande mmoja wa kamba.

"Zungusha vifungio vya nyuzi kichwani mwa gitaa hadi noti ya D, kisha piga." Kwenye gitaa lenye daraja lisilotembea, sawa. Hapa, ukishusha nyuzi zote toni nzima, kutoka E hadi D, mvuto wake unapungua kwa karibu asilimia 21, ilhali springi zinaendelea kuvuta vilevile. Daraja linazama kwa nyuma, nyuzi zinalalia freti (vile vyuma vilivyokingama kwenye shingo) na kuanza kukwaruza. Tena, kila uzi unaoushusha unawavuruga wenzake: shusha wa sita, ule mnene kuliko zote, peke yake na zile nyingine tano zote utazisikia zimepanda. Ndiyo maana mtu anahangaika na vifungio saa nzima na tuni haikai.

"Nyuzi nene ni mbwembwe za wapiga metali." Ni hesabu tu. Mvuto wa uzi hufuata mraba wa unene wake na mraba wa masafa ya sauti, kwa hiyo kushuka toni moja kunafidiwa na unene wa ziada wa asilimia 12 hivi. Aliyezoea seti ambayo uzi wake mwembamba kuliko zote una inchi 0.009 kwenye E atapata mvuto unaokaribiana sana akiweka 0.010 kwenye D. Akishuka hadi C, aanzie 0.011. Mimi huanzia hapa kila mara, kwa sababu ukichagua nyuzi vizuri, springi huenda usiziguse kabisa.

"Daraja limezama? Kaza skrubu za nyuma." Kinyume chake! Kukaza kunaziongezea springi nguvu, na daraja linazidi kuzama. Legeza zile skrubu mbili za kibao kinachoshikilia springi, robo mzunguko kila moja, tyuni upya nyuzi zote, halafu litazame daraja kwa ubavu. Rudia mpaka lilale sambamba na mwili wa gitaa. Muda wote huo, kibano cha nyuzi kilichoko mwisho wa shingo kibaki wazi, na vile vitufe vidogo vya kutyunia darajani viwe katikati ya safari yao. Niliwahi kufunga kibano mapema. Vitufe vikafika mwisho kabla sauti haijafika, nikafungua kila kitu na kuanza upya usiku wa manane.

"Lazima springi ziwe tatu." Hapana. Mbili, nne au hata tano zinafanya kazi. Chache hulainisha mkono wa daraja, ile fimbo ya kuliyumbisha, nyingi huufanya mgumu.

"Daraja likikaa sawa, kazi imekwisha." Bado shingo. Nayo ilizoea mvuto fulani, na ukipungua inanyooka, pengine hata kupinda kwa nyuma, kisha freti za mwanzo zinakwaruza. Dawa ni kulegeza kidogo chuma kilicho ndani ya shingo. Mwishowe linganisha sauti ya freti ya 12 na ya uzi ulio wazi: ikiwa juu kuliko oktavu kamili, kirudishe nyuma kile kitako ambacho uzi unakikalia darajani. Kwenye Floyd Rose inabidi uulegeze uzi kwanza, kazi ya kuchosha kweli.

"Kuliziba daraja kwa mbao ni kuliua gitaa." Vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande wa lile bonge la chuma linaloshika springi, hulizuia daraja lisisogee, na hutolewa dakika yoyote bila kuacha alama. Kwa anayetaka kushusha uzi wa sita hadi D katikati ya shoo na kuurudisha wimbo unaofuata, sioni njia nyepesi kuliko hiyo.