Rimu ya spoku isiyo na tyubu kwenye pikipiki za safari

Pikipiki kubwa za barabarani nyingi zilishahamia rimu za aloi za kumimina. Zile za safari, ndefu, zenye tangi kubwa na masanduku ubavuni, bado zimeng'ang'ania spoku, hasa matoleo yanayokusudiwa njia mbovu. Sababu ni mawe. Rimu ya kumimina ikigonga jiwe kwa kasi huweza kupata ufa, na ufa porini hauna dawa. Gurudumu la spoku hunepa kidogo na kumeza pigo. Hata rimu ikipinda, mara nyingi fundi huirudisha kwenye mstari kwa kulegeza spoku hizi na kukaza zile.

Tatizo ni matundu. Kwenye gurudumu la spoku la kawaida, kila spoku inaishia katikati ya rimu, sehemu ambayo tairi linaifunika, na inashikiliwa na nati yake ndogo iliyopita kwenye tundu. Rimu yenye matundu mengi namna hiyo haiwezi kutunza upepo, kwa hiyo ndani yake huwekwa tyubu. Rimu ya spoku isiyo na tyubu ni ile iliyobuniwa upya ili spoku zibaki, lakini upepo uzuiwe na tairi na rimu peke yake.

Faida yake unaijua siku ya pancha. Msumari ukitoboa tyubu, upepo unaweza kuisha ghafla na pikipiki ikayumba. Halafu inabidi kufungua gurudumu, kubandua tairi na kuziba tyubu. Nyuma ndiko kazi inakoelemea zaidi: kuna mnyororo au shafti, kuna breki, na tairi lenyewe ni pana na gumu kubandua. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari, kwa kawaida upepo hupungua polepole. Unachomoa msumari, unapenyeza uzi wa mpira wenye gundi kutoka nje, unajaza upepo na kuendelea, gurudumu likiwa mahali pake. Kwa mtu aliyeelemewa na mizigo kwenye mawe ya volkano karibu na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Njia ninayoiona safi kuliko zote ni ya BMW. Mwaka 1987, kwenye R 80 GS na R 100 GS mpya, kampuni hiyo ilihamisha matundu kutoka katikati ya rimu hadi kwenye kingo zake, nje ya mahali tairi linapokalia. Spoku hushuka kutoka ukingoni zikipishana hadi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Sehemu ya ndani ya rimu ikabaki nzima bila tundu, isipokuwa la vali. Kulikuwa na faida ya pili: nati za kukazia zipo upande wa habu, hivyo spoku moja ikikatika inabadilishwa bila kubandua tairi. Gurudumu la nyuma linafaidika sana na mpangilio huu, kwa kuwa ndilo linalobeba abiria na masanduku na kupokea nguvu ya injini.

Yamaha walichukua njia nyingine kwenye Super Ténéré ya 1200 iliyotoka mwaka 2010. Rimu yake ina ukuta mwembamba ulioinuka katikati, upande unaotazama habu, na spoku hushikwa kwenye ukuta huo bila kutoboa hadi ndani. Njia ya tatu ni kuacha matundu yalipo na kuyaziba kwa mipira midogo kwenye nati, au kwa mkanda unaozunguka rimu yote. Hiyo ni nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini kila kiungio ni mahali ambapo upepo unaweza kupenya, na kukaza spoku kunaweza kuharibu uzibaji.

Honda waliipa Africa Twin Adventure Sports ya 1100 spoku zisizo na tyubu mwaka 2020, huku Africa Twin ya kawaida ya mwaka huo ikibaki na tyubu. Ténéré 700 ya Yamaha nayo ilitoka na tyubu mbele na nyuma. Kwa hiyo usidhani kila pikipiki ya safari yenye spoku ni ya aina moja.

Kuziba matundu peke yake hakutoshi. Rimu isiyo na tyubu huwa na kituta kidogo ndani, karibu na kila ukingo, kinachozuia tairi kuteleza kuelekea katikati upepo unapopungua. Rimu zenye umbo hilo huandikwa herufi MT karibu na vipimo. Hata hivyo, herufi hizo huonekana pia kwenye rimu za spoku zinazotumia tyubu, kwa hiyo zisikutoshe. Tazama spoku zinaishia wapi, kisha soma kitabu cha pikipiki.

Udhaifu upo. Pigo kubwa likipinda ukingo wa rimu, tairi halikai tena vizuri na upepo hutoka hapo, mahali ambapo uzi wa mpira hauna kazi. Ndiyo maana wasafiri wengi wa mbali bado hubeba tyubu moja ya akiba: wanang'oa vali ya rimu, wanaingiza tyubu, na pikipiki inafika mjini kwa fundi.