Ujuzi Ambao Fundi Hajui Kuwa Anao

Kwa miaka mingi nimekuwa mhandisi wa metali katika taasisi ya utafiti ya jeshi. Siku hizi kazi yangu kubwa si metali tena bali watu: kuhakikisha anachokijua mtaalamu mmoja hakiondoki naye siku anapokabidhi kitambulisho getini. Wengi huniuliza kwa nini nisiwaagize tu waandike kila kitu kabla ya kustaafu. Jibu langu huanzia kwenye pipa la mafuta.

Tulikuwa na fundi sanifu aliyekuwa akizitia springi ugumu. Springi hupashwa kwenye tanuri, kisha huzamishwa kwenye mafuta ili ipoe ghafla. Alipostaafu alituachia daftari safi kabisa: nyuzi joto, dakika, aina ya mafuta. Tukafuata kila mstari, na springi zikapasuka. Tukapima tanuri upya, tukabadili chuma, tukamlaumu aliyetuuzia. Mwisho tukamwomba mzee aje. Alifika alfajiri, na kabla hajagusa springi hata moja akaokota kipande cha chuma chakavu, akakipasha hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye pipa.

"Mzee, hicho cha nini?"

"Mafuta yamelala na baridi, kijana wangu. Lazima yaamke kwanza."

Mafuta baridi huwa mazito, hayatembei sawasawa kuzunguka chuma, kwa hiyo upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na chuma kinajivuta hadi kupasuka. Mzee hakutuficha kitu. Kwake ile haikuwa hatua ya kazi, ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya kula. Nani huandika hilo kwenye daftari?

Wamarekani walilipa ghali zaidi kwa somo hilohilo. Kichwa cha nyuklia cha W76, kinachobebwa na makombora ya Trident ya nyambizi zao, kina kitu walichokipa jina la Fogbank, na mpaka leo kazi yake hasa ni siri. Kilitengenezwa kwenye kiwanda cha Y-12, Oak Ridge, hadi mwaka 1989. Ilipofika miaka ya 2000 wakataka kuvirekebisha vichwa hivyo vidumu zaidi, wakakuta kumbukumbu ni chache na karibu wote waliokijua wameshaondoka. Ikawagharimu miaka na makumi ya mamilioni ya dola kukitengeneza tena. Kinachonigusa zaidi kilijulikana baadaye: malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu huo ndio uliokifanya kitu kiwe kama kinavyotakiwa. Mitambo mipya iliusafisha vizuri mno. Wazee wa mwanzo wenyewe hawakujua kwamba wanauhitaji, basi hata wangeandika usiku na mchana wasingeuandika.

Jeshini tatizo hili lina mizizi miwili. Wa kwanza ni siri. Mtu huambiwa kile tu kinachohusu kazi yake, na hiyo ni haki, lakini ukilifuata jambo hilo bila kufikiri unabaki na mtu mmoja kwa kila ujuzi. Mimi husisitiza kila jambo nyeti liwe na watu watatu wenye ruhusa: anayelifanya, anayejifunza, na anayeweza kulikagua.

Wa pili ni cheo, na huu ndio unaoniumiza. Ofisa huhamishwa kila baada ya miaka michache. Raia mtaalamu naye, akitaka mshahara upande, hana budi kuacha benchi lake akakae ofisini kusaini likizo. Unampoteza bingwa, unampata msimamizi wa kawaida. Kituo cha silaha cha jeshi la majini la Marekani huko China Lake, kwenye jangwa la Mojave, kililitazama jambo hili mapema. Kamanda alikuwa ofisa anayekuja na kuondoka. Pembeni yake alikuwepo mkurugenzi wa ufundi, raia, anayebaki. William McLean, aliyeongoza kazi ya kombora la Sidewinder, alishika nafasi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1980 wakaanza pia jaribio la mishahara: madaraja mengi yakaunganishwa kuwa makundi machache mapana, nyongeza ikafuata utendaji. Ningependa kila taasisi yetu ya ulinzi iwe na njia ya namna hiyo, fundi apande hadi juu akiwa na ovaroli yake.

Kwetu sasa, mwaka wa mwisho wa fundi kazini tunaupanga hivi. Mwanagenzi anafanya kazi nzima mwenyewe. Mzee anaketi kando, mikono mfukoni, haruhusiwi kusema. Mimi nakaa na kalamu, simtazami mwanagenzi, namtazama mzee. Pale anapojikaza kwenye kiti, au mkono unapotaka kutoka mfukoni, nasimamisha kazi na kumuuliza ameona nini.